Futa, ghairi au batilisha? Kuchagua istilahi za mwongozo wa programu

Lita moja ya asali ina uzito wa takribani kilo 1.4. Kwa hiyo ndoo ya lita 20 ikijaa asali inabeba kilo 28 hivi, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Sasa chukua kituo cha kukusanyia asali huko Sikonge au Urambo, mkoani Tabora, ambako karani anatumia programu ya simu kusajili mzigo wa kila mfugaji nyuki. Kwenye skrini kuna kisanduku kilichoandikwa "Kiasi", na mwongozo unasema: "Jaza kiasi cha asali." Karani wa asubuhi anaandika 20, kwa kuwa ndoo ni ya lita 20. Karani wa mchana anaandika 28, kwa kuwa ameangalia mizani. Programu haijui tofauti hiyo, inazidisha tarakimu yoyote kwa bei ya kilo. Mfugaji wa asubuhi amepunjwa kilo 8 kwa kila ndoo, na kama alileta ndoo 40 amepoteza kilo 320, wala hakuna karani aliyekwenda kinyume cha mwongozo.

Istilahi ya mwongozo wa programu ina kazi moja iliyo juu ya nyingine zote: msomaji ajue, kabla kidole hakijagusa kitufe, nini kitatokea. Neno linalotimiza kazi hiyo kwa msomaji huyo na kwa kazi anayoifanya ndilo sahihi. Lisipoitimiza, hata liwe limetoka kwenye kamusi bora namna gani, halifai kwenye ukurasa ule.

Ukitaja istilahi za kompyuta kwa Kiswahili, mazungumzo huelekea haraka kwenye kompyuta au tarakilishi, nywila au nenosiri, kitufe au kibonye. Mjadala huo una historia ya kuheshimika. BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa nchini Tanzania, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, lina jukumu la kusanifu istilahi, na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisini yenye menyu za Kiswahili, kazi iliyolazimu kila amri na kila ujumbe utafutiwe jina. Lakini neno geni lina kinga yake: msomaji akikutana na "kanzidata" kwa mara ya kwanza husita, akauliza, akaelezwa. Maneno yanayoharibu hesabu ni yale ambayo kila mtu anayajua tangu utotoni, kama kiasi, jumla, futa, pakia na thibitisha. Hayo hakuna anayesita kwayo. Kila mmoja husoma maana aliyoizoea na kuendelea na kazi.

Maneno ya kuondoa kitu

Kundi linalosumbua kuliko yote ni la vitenzi vya kuondoa. Kwenye miongozo mingi "futa" hubeba mzigo wa vitendo sita au saba ambavyo matokeo yake hayafanani hata kidogo. Vikitenganishwa kwa matokeo, ramani yake ni hii.

Ghairi ni kuacha jambo kabla halijafanyika. Karani amefungua fomu, ameanza kujaza, amebadili nia. Hakuna kilichoandikwa kwenye kumbukumbu, na baada ya kughairi hali ni ileile iliyokuwapo. Safisha ni kuondoa maandishi kwenye visanduku vya fomu ili ujaze upya, fomu ikiwa bado iko wazi. Tendua ni kurudisha nyuma hatua ya mwisho iliyokwisha kufanyika. Ondoa ni kukitoa kitu kwenye orodha au kikundi huku chenyewe kikiendelea kuwapo: mwanachama akiondolewa kwenye kikundi cha Ipole bado ni mwanachama wa chama. Sitisha ni kuzuia matumizi kwa muda, kama akaunti ya karani aliye likizo. Futa ni kukifanya kitu kisiwepo tena. Batilisha ni kuiacha rekodi mahali pake, ikisomeka, lakini isihesabiwe, na iambatane na sababu na jina la aliyeibatilisha.

Tofauti ya futa na batilisha ndiyo yenye uzito mkubwa kwenye chama cha ushirika. Stakabadhi ya mapokezi haifutwi. Ikifutwa, mfululizo wa namba unakatika: iko 0146, iko 0148, na mkaguzi anauliza 0147 imekwenda wapi. Waundaji wengi wa programu wanalijua hili, hivyo ndani ya mfumo stakabadhi hubaki na kuwekewa alama tu. Lakini kwenye kitufe wameandika "Futa", na mwongozo ukafuata. Hapo kosa linazaliwa kwa njia mbili. Karani mwaminifu anaogopa kukigusa hata pale anapotakiwa, anaacha stakabadhi yenye uzito usio sahihi iingie kwenye malipo. Na mwenye nia mbaya anakigusa akiamini ushahidi umepotea, kisha ugomvi unafika kwa mwenyekiti. Neno "Batilisha stakabadhi" lingewaambia wote wawili ukweli.

Kuna pia mtego wa kisanduku cha uthibitisho. Skrini inauliza: "Ghairi mauzo haya?" Chini yake vitufe viwili: "Ghairi" na "Sawa". Je, "Ghairi" hapa inaghairi mauzo, au inaghairi swali? Mwongozo hauwezi kuliokoa jambo hili kwa maelezo marefu, kwani vitufe vyenyewe vimekosewa. Dawa ni kitufe kirudie kitenzi pamoja na kitu chake, na cha pili kitaje hali itakayobaki: "Batilisha mauzo" na "Acha mauzo yalivyo". Mwandishi wa mwongozo ana haki, tena ana wajibu, wa kumrudishia mwundaji skrini ya namna hiyo badala ya kuitungia aya ya ufafanuzi.

Maneno ambayo tayari yana kazi kwenye ghala

Neno "jumla" lina maana tatu zilizo hai katika biashara ya asali. Kuna jumla ya kujumlisha, ndoo zote za siku. Kuna uzito wa jumla, asali pamoja na chombo. Na kuna bei ya jumla, ile isiyo ya rejareja. Ripoti yenye safu iitwayo "Jumla" inaweza kusomwa kwa maana zote tatu na watu watatu waliokaa meza moja. Kwa uzito, tumia majina matatu yasiyogongana: uzito ghafi ni kile mizani inachoonyesha, uzito wa chombo ni ndoo tupu na mfuniko wake, uzito halisi ni asali peke yake. Mizani ikionyesha kilo 29 na ndoo tupu ina kilo 1, uzito halisi ni kilo 28, na huo ndio unaolipwa. Kipimo kiandikwe ndani ya jina la kisanduku, "Uzito ghafi (kg)", si kwenye maelezo ya pembeni ambayo hutoweka skrini ya simu ikiwa ndogo. Ni hivyohivyo kwa unyevu. Viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex vinataka maji kwenye asali yasizidi asilimia 20 kwa aina nyingi, na kisanduku kilichoandikwa "Ubora" kikisubiri asilimia ya unyevu kitajazwa "nzuri".

"Pakia" na "pakua" ni maneno mazuri, yamekubalika, na popote pengine hayana shida. Ghalani yana shida. Kupakia ni kazi ya vijana wanaobeba ndoo kuziweka kwenye lori. Menyu yenye "Pakia" inayokusudia kupeleka rekodi zilizo kwenye simu hadi kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya mfumo, itaguswa na karani anayetaka kusajili safari ya lori, na ripoti ya siku itatumwa kabla mzigo haujakamilika. Kwenye mfumo wa ghala, neno hilo waachiwe wapagazi. Kwa rekodi andika "Tuma rekodi kwenye seva" na "Chukua rekodi kutoka kwenye seva". Ni marefu zaidi, lakini hayana mwenzake ghalani.

"Akaunti" nalo linagawanyika: ya benki, ya simu ya fedha, ya kitabu cha mhasibu, na ya kuingilia kwenye mfumo. Chagua moja iitwe akaunti bila nyongeza, nyingine zote zipewe nyongeza kila zinapotajwa. Kwenye chama kinacholipa wanachama kupitia benki, akaunti tupu iwe ya benki, kwa kuwa ndivyo wanachama wanavyosema, na ile ya mfumo iitwe "akaunti ya mtumiaji".

Halafu kuna siri. Watumiaji wa huduma za fedha kwa simu wanaijua "namba ya siri", yenye tarakimu nne mara nyingi. Mfumo ukidai herufi nane zenye mchanganyiko, na mwongozo ukaandika "namba ya siri", karani ataweka tarakimu nne zilezile za fedha zake, atakataliwa, atajaribu tena, na mwishowe atafungiwa. Tena ni hatari kumzoesha mtu kuandika namba ya fedha zake kwenye programu nyingine. "Nywila" au "neno la siri", lolote utakaloamua, lisikae sentensi moja na "namba ya siri" kana kwamba ni visawe.

Nani anafanya, nani anaruhusiwa

Thibitisha, hakiki na idhinisha hutumika ovyo, ilhali kwenye mfumo wenye fedha ni hatua tatu za watu watatu. Karani anathibitisha kwamba alichokiandika ndicho alichokusudia. Mhasibu anahakiki, yaani analinganisha rekodi na ushahidi mwingine kama karatasi ya mizani. Meneja anaidhinisha, na kuanzia hapo malipo yanaweza kutoka. Mwongozo ukitumia "thibitisha" kwa zote tatu, karani ataamini amemaliza kazi ya meneja, na wafugaji wataambiwa fedha zinakuja kabla mtu yeyote hajaidhinisha chochote.

Kitenzi "-weza" kinahitaji uangalifu wa pekee. "Karani anaweza kubatilisha stakabadhi" ina maana mbili: mfumo unamwezesha, au utaratibu wa chama unamruhusu. Mfumo unaweza kuwa umeachwa wazi kwa kosa huku utaratibu ukikataza. Andika "anaruhusiwa" kwa ruhusa, na uiache "anaweza" kwa uwezo. Kwa masharti ya kiufundi, waandishi wa viwango vya intaneti walikwisha kuliona tatizo hili. Waraka wa RFC 2119 wa Machi 1997 uliweka maana moja kwa kila neno la wajibu, la pendekezo na la hiari. Kwa Kiswahili mgawanyo unaosomeka vizuri ni "lazima", "inashauriwa" na "si lazima". Liepuke "inapaswa", kwa maana wapo wanaolisoma kama amri na wapo wanaolisoma kama ushauri, na wote wana hoja.

Kuhusu "tafadhali", hatua za kazi ziandikwe kwa amri kavu: fungua, chagua, andika, hifadhi. Hakuna msomaji anayeona ni ukosefu wa adabu. Neno la heshima libaki pale mfumo unapomsumbua mtu, kwa mfano unapomwomba asubiri au arudie alichokwisha kufanya. Na vitendo vya mkono vitofautishwe: kwenye simu gusa, kwa kipanya bofya, kwenye kibodi bonyeza.

Ngeli haziheshimu violezo

Hapa ndipo Kiswahili kinapowatoa jasho waundaji waliozoea lugha zisizo na ngeli. Mwundaji huandika kiolezo kimoja cha ujumbe: jina la kitu, idadi, kisha "imesajiliwa". Matokeo yake ni "Mwanachama 1 imesajiliwa", "Ndoo 6 imesajiliwa", "Kituo 1 imesajiliwa". Kiswahili kinadai mwanachama amesajiliwa, ndoo zimesajiliwa, kituo kimesajiliwa, mzinga umesajiliwa, mizinga imesajiliwa, malipo yamesajiliwa. Mifumo ya kawaida ya kutafsiri programu huipa Kiswahili maumbo mawili, la moja na la idadi nyingine zote. Hilo linatatua umoja na wingi tu, ngeli zinabaki pale pale. Tena ndoo, stakabadhi na rekodi hazibadiliki katika wingi, hivyo kiambishi cha kitenzi ndicho pekee kinachomwambia msomaji kama ni moja au nyingi.

Njia ya kwanza ni kuandika sentensi nzima kwa kila aina ya kitu. Mfumo wenye aina kumi za vitu na vitendo vinne utahitaji sentensi 40, kila moja kwa umoja na wingi, jumla 80. Si kazi kubwa kama inavyosikika. Ni kazi ya siku moja au mbili kwa mtu anayeijua lugha. Njia ya pili, pale mwundaji anapokataa katakata, ni kuufanya upatanisho ufuate tendo badala ya kitu: "Usajili umekamilika: ndoo 6", "Usajili umekamilika: mwanachama 1". "Usajili" hukaa kwenye ngeli ileile daima, kwa hiyo sentensi haivunjiki. Kwa sifuri usiandike "ndoo 0 zimesajiliwa". Andika "Hakuna ndoo iliyosajiliwa".

Neno dogo linalosahaulika ni lile la kuchuja orodha, "-ote". Mwundaji huliweka mara moja kwenye faili la tafsiri na kulitumia kila orodha. Mtafsiri anaona neno moja lisilo na muktadha, anaandika "Zote". Kwenye ndoo ni sawa. Kwenye wanachama panatakiwa "Wote", kwenye vituo "Vyote", kwenye malipo "Yote". Ni hivyohivyo kwa "-pya" kwenye vitufe vya kuongeza: mwanachama mpya, kituo kipya, malipo mapya, jina jipya. Suluhisho lipo kwenye msimbo wa programu, kwa kila orodha kupewa neno lake na maelezo mafupi ya muktadha yanayomfikia mtafsiri. Faili za tafsiri zenye mwisho wa .po zina nafasi ya maelezo hayo, na nafasi hiyo mara nyingi huachwa tupu.

Saa

Tukio moja linaweza kuwa na namba tatu. Seva iliyowekwa kwenye saa za dunia inaandika 05:00. Simu ya karani inaonyesha 08:00, kwa kuwa Tanzania iko saa tatu mbele. Karani mwenyewe anasema saa 2 asubuhi. Akipiga simu kwa fundi na kusema "mfumo ulikwama saa mbili", na fundi akatafuta 02:00 kwenye kumbukumbu za seva, hatakuta kitu, atasema mfumo ulikuwa mzima.

Amua kanuni moja na uiandike ukurasa wa kwanza wa mwongozo. Inayofanya kazi vizuri ni hii: skrini na ripoti zitumie mfumo wa saa 24 wenye tarakimu nne na nukta mbili, mfano 14:00, maelezo ya kusomwa na watu yatumie saa za Kiswahili pamoja na kipindi cha siku, na mara ya kwanza yote mawili yawekwe pamoja: "saa 8 mchana, yaani 14:00". Tarakimu kama 08:00 isisomwe "saa 8" popote kwenye mwongozo.

Usiku una utata zaidi. "Kila Jumanne usiku saa 7 mfumo unatengeneza nakala rudufu." Saa 7 usiku ni 01:00, na kwa kalenda ya kompyuta hiyo ni Jumatano. Msemaji wa Kiswahili anaweza kumaanisha usiku ulioanza Jumanne jioni, au usiku wa kuamkia Jumanne. Tofauti ni saa 24, na kama diski inabadilishwa Jumanne mchana, nakala ya wiki nzima inaweza kukosekana. Andika "usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano, 01:00 ya Jumatano". Wala usitegemee alfajiri na machweo kama vipimo. Nchi nzima ina saa moja, ilhali jua linachomoza Kigoma karibu dakika 40 baada ya Dar es Salaam, na Tabora iko katikati.

Jedwali la istilahi

Maamuzi yote haya yanahitaji mahali pa kukaa, vinginevyo kila mwandishi mpya atayaanza upya. Kanuni ya fani ya istilahi, ambayo Mwaustria Eugen Wüster aliishughulikia tangu miaka ya 1930 na ambayo imo kwenye kiwango cha kimataifa ISO 704, ni kuanza na dhana kisha kuitafutia neno. Kwa hiyo safu ya kwanza ya jedwali ni maelezo ya jambo lenyewe, na neno linakuja baadaye. Ingizo kamili linaweza kuwa hivi:

Dhana: kuifanya stakabadhi isihesabiwe, huku ikibaki kwenye kumbukumbu pamoja na sababu na jina la aliyefanya hivyo.
Neno: batilisha. Nomino: ubatilishaji. Hali: imebatilishwa.
Yasitumike kwa dhana hii: futa, ghairi, ondoa, tangua.
Upatanisho: stakabadhi i-, zi-.
Anayeruhusiwa: mhasibu.
Linapoonekana: kitufe cha skrini ya Stakabadhi, ujumbe wa uthibitisho, safu ya "Hali" kwenye ripoti ya siku.
Mfano: "Stakabadhi hii imebatilishwa. Uzito wake hauingii kwenye malipo."
Tarehe ya uamuzi na aliyeuidhinisha.

Safu ya maneno yasiyotumika ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, kwa kuwa ndiyo inayoweza kukaguliwa kwa kompyuta. Mfumo mdogo wa chama kimoja unahitaji maingizo 60 hadi 100. Zaidi ya hapo watu huacha kulisoma. Usiingize maneno ambayo hayana utata, kama skrini au kompyuta, kwa ajili ya kuonyesha ukamilifu.

Ukaguzi kwa kompyuta una mitego yake. Mtu akiamua kubadilisha kila "futa" kuwa "batilisha" kwa amri ya kutafuta na kubadilisha, "tafuta" itageuka "tabatilisha" na "mafuta" itageuka "mabatilisha". Akiibana amri itafute neno zima tu, itaziruka "umefuta", "zimefutwa" na "kufutwa", ambazo ndizo nyingi zaidi kwenye mwongozo. Kinachofaa ni kutafuta kwa shina, "fut", na kuyasoma matokeo yote kwa macho. Kwa "pakua" tafuta "paku", maana "pakuliwa" imebadilika mwishoni. Kwa "pakia" tafuta "paki". Mwongozo wa kurasa 50 hutoa matokeo yanayosomeka kwa saa moja.

Kuna jozi moja ambayo hakuna ukaguzi wa kompyuta utakaoiona: "utafuta rekodi" na "utatafuta rekodi". Silabi moja imezitenganisha, ya kwanza inaharibu, ya pili inaangalia tu, na zote mbili ni Kiswahili sahihi. Hiyo ni sababu tosha ya kutotumia wakati ujao kwenye hatua za kazi. Andika "Futa rekodi" au "Tafuta rekodi", na kama skrini ina vyote viwili, cha kutafuta kiitwe "Angalia rekodi".

Kulijaribu neno

Chapisha picha ya skrini, mpe karani ambaye hajaiona programu, mwonyeshe kitufe na uulize: "Ukigusa hapa, kitatokea nini?" Usiulize kama ameelewa. Kwa heshima atasema ameelewa, na utaondoka bila taarifa yoyote. Watu watano hadi wanane kutoka vituo tofauti wanatosha, wakiwemo wenye umri mkubwa na wale ambao Kinyamwezi au Kisukuma ndiyo lugha yao ya kwanza. Andika jibu kwa maneno yao wenyewe. Wawili kati ya sita wakitabiri matokeo tofauti na yaliyokusudiwa, neno hilo halijakaa sawa, hata kama wanne walifaulu. Kwenye mfumo wa malipo theluthi moja ni fedha nyingi.

Wakati wa majaribio utayasikia maneno ya mitaani: kulogini, kuseivu, kudiliti, kudaunilodi. Yasiingie kwenye vitufe, kwa sababu kila mtu huyatamka na kuyaandika kwa namna yake na hayabebi tofauti zile za futa na batilisha. Lakini yasidharauliwe pia. Yaweke kwenye faharasa ya mwongozo yakielekeza kwenye neno lililochaguliwa, "kudiliti: tazama futa, tazama pia batilisha". Karani mwenye haraka hutafuta kwa neno analolisema, na hapo anakutana na tofauti ambayo hakuijua.

Neno likibadilishwa baada ya programu kuanza kutumika, libadilike kwa pamoja kwenye kitufe, ujumbe, ripoti na mwongozo, katika toleo moja. Kubadilisha mwongozo peke yake kunamwacha karani akitafuta kitufe kisichokuwapo. Neno la zamani libaki kwenye faharasa kwa matoleo mawili yanayofuata, pamoja na tarehe ya mabadiliko. Na mabadiliko ya aina hiyo yatolewe kabla msimu wa kurina haujaanza au baada ya kwisha. Katikati ya msimu, foleni ya ndoo ikiwa nje ya mlango, hakuna karani anayesoma tangazo la toleo jipya, na makosa ya wiki hiyo yatakaguliwa hadi mwaka unaofuata.